Siku 30 za Kwanza China: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Anayetoka Nyumbani

Fungua pasipoti yako utazame viza. Kama umepewa X1, yaani ya masomo yanayozidi siku 180, pale penye muda wa kukaa pameandikwa 000. Wako wanaodhani ubalozi umekosea, na wako wanaodhani wameruhusiwa kukaa bila kikomo. Sifuri zile zinasema kwamba viza yenyewe haikupi siku za kukaa. Inakuingiza China, basi, na ukishagongewa muhuri unazo siku 30 za kwenda kuomba kibali cha ukaazi. X2 ni ya masomo yasiyozidi siku 180. Hiyo huandikwa siku zake, na haina habari ya kibali.

Siku 30 ukizisikia ni nyingi, ila tazama kalenda. Vyuo vingi hufungua mwanzoni mwa Septemba, na tarehe 1 Oktoba China nzima inaingia kwenye sikukuu ya taifa; ofisi za serikali hufungwa karibu wiki nzima. Ukifika tarehe 5 Septemba, siku yako ya thelathini inaangukia humo humo ndani ya sikukuu. Jipangie kumaliza kabla ya tarehe 25 Septemba.

Halafu kuna jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu, likanigharimu wiki tatu za usumbufu. Ukienda kuomba kibali, polisi wa uhamiaji wanabaki na pasipoti yako. Unapewa risiti, unasubiri siku saba za kazi, kumi, wakati mwingine kumi na tano. Siku hizo zote huna pasipoti mkononi, na bila pasipoti mgeni hauziwi laini ya simu, wala benki haimfungulii akaunti. Nilipofika Wuhan nilikimbilia kibali kwanza kwa kuiogopa sheria, nikabaki nalipa kila kitu kwa noti na kuwaomba wenzangu wanilipie kwa simu zao. Mpangilio sahihi ni huu: kuandikishwa polisi wa mtaa, laini, benki, vipimo vya afya, halafu ndiyo kibali. Ushike hivyo hivyo.

Kabla ya kufunga begi

Karatasi zote ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Barua ya udahili ya asili. Fomu ya JW202, yaani ya kuombea viza ya masomo, au JW201 kwa waliopata ufadhili wa serikali ya China. Ubalozini wataitazama na kukurudishia nakala yako, usiikunje ovyo. Fomu ya vipimo vya afya yenye muhuri wa hospitali juu ya picha, pamoja na majibu ya damu na filamu ya eksirei yenyewe. Vyeti vya shule vya asili na tafsiri zake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Picha za pasipoti zenye nyuma nyeupe, angalau kumi. Kila ofisi itakuomba mbili. Nakala za kila kitu, seti tatu, na picha zake kwenye simu.

Fedha. Wanaosoma kwa ufadhili wa serikali ya China hupewa posho ya mwezi ya yuan 2,500 kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Usije ukiitegemea posho hiyo kwa mwezi wa kwanza. Haiingii mpaka usajili ukamilike na akaunti ya benki ifunguliwe, na kabla ya hapo utadaiwa amana ya chumba, vipimo, ada ya kibali na vyombo vya kulalia. Beba fedha ya kukutosha miezi miwili. Ukiwa na dola zinazozidi 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani.

Usibebe nyama, maziwa, matunda mabichi wala mbegu za kupanda, vinakamatwa uwanjani. Dawa unazotumia ziwe kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Adapta ya umeme ni lazima: umeme wa China ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini soketi zao zinapokea pini bapa, na plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Nunua mbili Kariakoo, au popote ulipo.

Simu iandaliwe ukiwa bado nyumbani

WhatsApp, Google, Gmail, YouTube, Facebook na Instagram havifunguki kwa intaneti ya China. Ukisubiri kufika ndipo upakue programu, utakuta hata duka la Google halifunguki. Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari fanya haya.

Weka WeChat, programu yao ya ujumbe na malipo, ambayo wenyewe wanaiita Weixin. Akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi aithibitishe kwa kuskani msimbo wako wa QR. Mtafute mwanafunzi mwenzetu aliye China tayari, mfanye hilo kwa pamoja kwa simu. Kisha wawekee WeChat mama, baba na yeyote unayetaka kumsikia. Usiliahirishe hili. Nimewaona vijana waliopotea hewani siku nne tangu waondoke, nyumbani watu hawalali.

Weka na Alipay, programu ya malipo, uisajili kwa pasipoti na kuiunganisha na kadi yako ya Visa au Mastercard. Ndiyo itakayokulisha mpaka upate benki ya China. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa mara moja hukatwa asilimia 3 ukitumia kadi ya nje, kwa hiyo vitu vidogo vidogo havina makato. Ramani, tumia Amap, maana ya Google hata ikifunguka haiaminiki huko. Pakua lugha ya Kichina kwenye programu ya tafsiri inayofanya kazi bila intaneti.

Laini yako ya nyumbani usiitupe. Ifungulie huduma ya kutumika nje kabla ya kuondoka, kwa sababu benki yako ya nyumbani itatuma namba za siri huko huko. Na bando la nje la laini ya nyumbani kwa kawaida linafungua WhatsApp hata ukiwa China, kwa vile mawasiliano yanapitia mtandao wa nyumbani. Ni ghali, ila kwa siku mbili tatu za kwanza linakusaidia kusema umefika. Watu watakuambia habari za VPN, programu za kukwepa vizuizi hivyo vya intaneti. Sheria ya China inadhibiti matumizi yake, na sikushauri uyategemeze masomo yako hapo. Kama chuo kinawasiliana nawe kwa Gmail, wape anwani nyingine mapema.

China yote inatumia saa moja, na iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Ukimaliza vipindi na kula, saa mbili usiku, Dar na Nairobi ni saa tisa alasiri. Ndio wakati mzuri wa kupiga simu.

Uwanja wa ndege

Wengi wetu tunaingilia Guangzhou, kwenye uwanja wa Baiyun, kisha tunaunganisha. Utajaza kadi ya kuingia, utachukuliwa alama za vidole, utapigwa picha, utagongewa muhuri. Ofisa akiuliza, toa barua ya udahili pamoja na pasipoti. Kabla ya kutoka badilisha dola kidogo, upate kama yuan 1,000 za noti ndogo ndogo.

Kama chuo kimesema kinapokea wanafunzi, tafuta meza yenye jina lake kwenye ukumbi wa kutokea. Kama hakipokei, panga foleni ya teksi rasmi, usimfuate mtu anayekuita pembeni. Anwani ya chuo iwe imeandikwa kwa herufi za Kichina, kubwa, kwenye karatasi. Herufi za Kilatini dereva wengi hawazisomi, na vyuo vina kampasi mbili tatu mbali mbali. Hakikisha umeandika ile ambako hosteli yako iko.

Usiku wa kwanza

Nilifika hosteli saa nne usiku. Mama wa mapokezi akanipa ufunguo, nikapanda ghorofa ya tano na mabegi mawili, nikafungua mlango. Kitanda kilikuwa cha chuma chenye ubao juu yake. Ubao mtupu, hauna godoro, hauna mto. Duka la chuo limefungwa. Nilitoa kanga mbili za mama yangu, moja nikatandika, ya pili nikajifunika, nikalala na nguo zangu.

Hosteli nyingi ziko hivyo, na hata zenye godoro huwa ni jembamba, kwa sababu wao wenyewe wanapenda kitanda kigumu. Uliza mapema kama kuna seti ya matandiko ya kununua, na weka shuka au kanga juu kabisa ya begi. Asubuhi dukani nunua godoro jembamba, mto, ndoo, sabuni, kandambili, waya wa soketi na chupa ya chai. Chupa hiyo ina kazi: maji ya bomba hayanywewi, kila ghorofa au kila jengo lina bomba la maji yaliyochemshwa, kaishui, na asubuhi utaona wanafunzi wamepanga chupa zao hapo. Uliza pia saa za maji moto ya kuoga na saa ya kufungwa mlango wa hosteli. Sehemu nyingi ni saa tano usiku.

Huyo mama wa mapokezi mwite *ayi*, maana yake mama mdogo au shangazi. Dereva na fundi mwite *shifu*. Msalimie ayi kila asubuhi, *zao*, na siku ufunguo ukipotea au bomba likipasuka hutahangaika peke yako. Ukisema unatoka *Tansangniya*, jiandae kwa wazee. Mzee mmoja kwenye bustani ya Ziwa la Mashariki alinishika mkono akasema *Tan-Zan tielu*, reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Kijana wa ishirini haijui sana. Wazee bado wanayo moyoni.

Saa 24 za polisi wa mtaa

Sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha. Hosteli ya chuo nayo kwa kawaida inakuandikisha, lakini uliza, usidhani. Ukipanga chumba nje, wewe na mwenye nyumba mnakwenda wenyewe kituo cha polisi cha mtaa, 派出所, *paichusuo*, na mkataba wa pango. Kutojiandikisha kuna onyo, au faini ya hadi yuan 2,000. Karatasi unayopewa ni ya lazima kwenye maombi ya kibali. Ukipoteza muda hapa, hatua zote za mbele zinasimama.

Laini, kisha benki

Kampuni kubwa ni tatu: China Mobile, China Unicom na China Telecom. Siku za usajili huweka meza chuoni na kuwa na bei za wanafunzi. Kwa kawaida zina nafuu kuliko madukani. Unahitaji pasipoti na uso wako, wanakupiga picha palepale. Uliza mambo mawili tu: kifurushi ni yuan ngapi kwa mwezi, na mkataba unakufunga miezi mingapi. Chagua kidogo, chuo kina Wi-Fi.

Benki ndipo penye kazi. Chuo kitakuambia ni ipi wanayotumia kuweka posho, mara nyingi ICBC, Bank of China au China Construction Bank. Nenda asubuhi na pasipoti, namba ya simu ya China, barua ya udahili au cheti cha kusoma, na mtu anayejua Kichina. Tenga nusu siku.

Sasa sikiliza kwa makini habari ya jina. Sisi tuna majina matatu, na pasipoti inayagawa: jina la ukoo mstari mmoja, mengine mstari wa pili. Wachina wengi wana herufi mbili au tatu kwa jina zima, na fomu zao zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kampuni ya simu inaweza kuandika jina la ukoo mbele na kuacha nafasi katikati. Benki ikaandika la ukoo mwisho, yote yameshikana. Kwa macho ni jina lako. Kwa mashine ni watu wawili. Mwenzangu mmoja wa Burundi alipata kadi ya benki Jumatatu, akajaribu kuiunganisha na WeChat wiki nzima, kila siku inakataa. Tulirudi naye kaunta, dada wa benki akageuza skrini yake tuione: kati ya jina la kwanza na la pili nafasi ilikuwa mbili badala ya moja. Alibonyeza kitufe kimoja, akachapisha karatasi upya, jioni ile jamaa akanunua tambi kwa simu yake.

Kwa hiyo ukiwa kaunta ya simu, piga picha namna jina lilivyoandikwa: herufi kubwa, mpangilio, nafasi. Ukifika benki, onyesha picha hiyo na usisaini mpaka vifanane. Ukishaunganisha kadi na WeChat au Alipay, malipo yote ya mtaani ni kuskani msimbo wa QR, sawa na Lipa Namba ya kwetu, tofauti tu ni kwamba hapa hata muuza viazi vya kuchoma anayo, na chenji ya noti ndiyo inayosumbua.

Kadi ya chuo, *yikatong*, utapewa wakati wa usajili. Inafungua geti na maktaba, na sehemu nyingi ndiyo inayolipia kantini. Ijaze kidogo kidogo. Ikipotea, iripoti siku hiyo hiyo.

Kula

Kantini, *shitang*, ni nafuu kuliko kupika. Nenda mapema: chakula cha mchana ni kuanzia saa tano na nusu, na ukifika saa saba na nusu unakuta sufuria zimeoshwa. Anza na wali, *mifan*, na mayai ya nyanya, *xihongshi chao jidan*. Ladha yake haina ugeni kwa mtu wa kwetu. Wuhan asubuhi wanakula *reganmian*, tambi za moto zenye ufuta uliosagwa, wamesimama, wanatembea, kwenye bakuli la karatasi. Wiki ya kwanza nilizikataa. Wiki ya tatu nilikuwa nazifuata kwa miguu.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: neno *rou* likisimama peke yake, nyama, mara nyingi ni nguruwe. Ng'ombe ni *niurou*, kuku ni *jirou*, kondoo ni *yangrou*, nguruwe ni *zhurou*. Jifunze kusema *wo bu chi zhurou*, mimi sili nguruwe. Lakini mafuta ya nguruwe yanaweza kuwa kwenye mboga pia, kwa hiyo tafuta herufi hizi mbili: 清真, *qingzhen*, ndiyo halali. Vyuo vingi vikubwa vina dirisha au kantini nzima ya qingzhen. Nje ya geti tafuta duka la *Lanzhou lamian*; mengi ni ya Waislamu waliotoka Qinghai na Gansu, na ukutani huwa na herufi za Kiarabu. Nilipotoa salamu ya kwanza mle ndani, mpishi aliacha unga mikononi, akaitikia kwa sauti. Alivuta tambi zangu mbele yangu, akakunja, akavuta tena, akaongeza nyama bila kuniambia.

Ugali unapatikana. Unga wa mahindi, *yumimian*, upo supamaketi, mwingi ni wa njano na umesagwa laini. Tia unga mwingi kidogo kuliko ulivyozoea. Ila uliza kwanza kama jiko la umeme linaruhusiwa chumbani. Hosteli nyingi zinakataza, na wanapekua.

Vipimo vya afya na kibali

Chuo kitakupeleka, au kitakuelekeza, kituo cha serikali cha afya ya wasafiri. Nenda bila kula, na fomu yako ya nyumbani pamoja na filamu. Wakiikubali fomu yako, unalipa uthibitisho tu. Wakiikataa unapimwa upya: damu, eksirei ya kifua, moyo, macho. Bima ya wanafunzi wa kigeni imekuwa yuan 800 kwa mwaka. Wenye ufadhili wa serikali wanalipiwa.

Kisha unakwenda ofisi ya uhamiaji ya polisi na pasipoti, fomu ya JW, barua ya udahili, barua ya maombi ya chuo yenye muhuri mwekundu, karatasi ya paichusuo, cheti cha afya na picha. Ada ni yuan 400 kwa kibali kisichofika mwaka mmoja, na 800 kwa cha mwaka mmoja hadi mitatu. Ile risiti wanayokupa itunze kama pasipoti, kwa sababu kwa siku hizo ndiyo kitambulisho chako. Ina picha yako, na unaweza kukatia tiketi ya treni.

Kabla ya kibali kutoka, usivuke kwenda Hong Kong wala Macau, hata kwa siku moja na marafiki. Kwa uhamiaji ni kutoka China, na viza yako ya kuingia mara moja imekwisha. Kuna mtu ninayemfahamu alikwama huko na begi la mgongoni tu.

Kazi za pembeni: utaitwa kufundisha watoto Kiingereza, kucheza kwenye matangazo, kusimama mlangoni mwa baa. Bila ruhusa ya chuo na ya polisi, faini ni kuanzia yuan 5,000 hadi 20,000, na ikionekana kosa ni kubwa unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Anayekuita hafungwi mahali pako. Kupitiliza muda wa kukaa ni yuan 500 kwa siku, mpaka 10,000.

Baridi

Serikali hupasha moto majengo ya kaskazini ya Mto Huai tu. Beijing mabomba ya joto huwashwa katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi, na ndani unakaa na fulana. Wuhan, Nanjing na Changsha ziko kusini ya mstari huo: baridi ni ya mvua, ukuta umelowa, na chumbani una kiyoyozi tu. Usinunue koti nyumbani, nunua huko mwezi Oktoba, na blanketi nene. Kama chuo chako kiko kusini, nguo za ndani nzito ni muhimu kuliko koti.

Namba za kuandika leo

Polisi 110, zimamoto 119, gari la wagonjwa 120. Uhamiaji wana 12367, inapokelewa saa 24 kwa Kichina na Kiingereza. Ukitishwa na mtu kuhusu viza, piga hapo kabla ya kumlipa yeyote.

Pasipoti ikirudi

Usiondoke kaunta. Fungua ukurasa wenye kibali, soma jina herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho. Kosa likionekana pale pale hurekebishwa. Likionekana baadaye ni safari nyingine na foleni nyingine. Piga picha ukurasa huo, utume ofisi ya wanafunzi wa kigeni na umtumie mzazi. Kisha weka kengele kwenye simu siku 45 kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu maombi ya kuongeza muda yanatakiwa yafike siku 30 kabla. Na kila ukitoka nchini na kurudi, hata kama unarudi chumba kile kile, mpitie ayi pale mapokezi umuulize kama umeshaandikishwa upya polisi.